Karatasi Zisizopaswa Kusafiri Pamoja

Kiti mnachokalia ninyi mliochukua kazi yangu pale ofisini, kwenye yadi ya malori, kina mguu mmoja mfupi. Chini yake kuna kipande cha ndala ya bluu nilichokikata mwenyewe kwa wembe, nikakipunguza mara nne mpaka kiti kikaacha kucheza. Hicho msikitupe. Vitu vingine nilivyowaachia mnaweza kuvitupa, na kimoja nawaomba kabisa mkitupe. Nitakifikia.

Najua mnacheka mkisikia naitwa mstaafu. Nina miaka thelathini na minne. Madereva ndio walionibandika jina hilo siku niliyoaga, wakanipigia honi zote kwa pamoja mpaka mama wa chai akamwaga birika. Lakini miaka kumi na minne ya kupanga safari za mchele kutoka Kahama hadi mashariki mwa Kongo humzeesha mtu kwa namna yake. Wenzangu wa rika langu wana mvi mbili tatu. Mimi nina vidonda vya tumbo na mazoea ya kuamka nikijiuliza, "Nani hajapiga simu?"

Kazi yetu haina chuo. Nilimaliza kidato cha nne, baba yangu akiwa mchimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Bugarama, na hapakuwa na mtu wa kunisomesha zaidi. Ramani nilijifunza kwa kuinakili kutoka ukutani kwa mtu hadi nikaichora kwa kichwa. Kifaransa cha forodhani nilijifunza kwa kitabu cha mitumba kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Ndiyo maana hadi leo najua kuomba radhi kwa Kifaransa, lakini kusalimia sijui.

Nakiri jambo lingine kabla hamjalisikia kwa madereva. Nilikuwa mwoga. Woga wangu niliuvisha nguo za usafi wa kazi, watu wakausifu. Nikikosea herufi moja kwenye daftari la safari, nilichana ukurasa mzima nikaandika upya. Bosi alisema, "Kabula ana mwandiko kama wa kadi ya harusi." Hakujua kurasa ngapi zilikuwa zimeishia kwenye ndoo ya taka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Maduhu, dereva aliyeacha usukani baada ya macho kufifia. Msimfikirie mtakatifu. Alipaka nywele piko, aliiba kete tukicheza drafti kwa vizibo vya soda, na alidai ameendesha lori bila breki kutoka Geita mpaka Shinyanga, hadithi ambayo kila mwaka iliongezewa mlima. Lakini simu alijua kuishika.

Mimi nilikuwa nikipiga simu kwa watu wetu wa njiani nauliza moja kwa moja, "Njia ikoje?" Wananijibu, "Salama." Naandika: salama. Nilikuwa hata nimepiga mistari ya hayo majibu, safu moja ya jina, safu moja ya neno "salama". Siku moja Mzee Maduhu akaninyang'anya simu nikiongea na Mama Furaha.

Mama Furaha mnamjua kwa sauti, lakini wengine hamjui anakaa wapi, basi niwaeleze. Ana mgahawa kwenye njia panda, huko Kongo, baada ya mpaka wa pili. Chini ya mgahawa kuna kizuizi cha vijana wenye silaha. Juu yake, kwenye mwinuko, kuna kizuizi cha vijana wengine wenye silaha. Hawa na wale walikuwa hawapatani. Lori letu lilipita kwa wa chini, likapita mgahawani, likapanda kwa wa juu, na kila kizuizi kilitoa karatasi yake ya kupita yenye muhuri wake.

Basi Mzee Maduhu akaanza kumsalimia. Akauliza habari za kuamka, akauliza mvua, mihogo, mguu wa jirani yake uliovunjika. Nilikuwa nahesabu salio la simu linavyokwisha. Ndipo akauliza, "Na watoto wameenda shule?"

"Apana," Mama Furaha akasema. "Batoto beko hapa tangu juzi. Na jirani amehamisha mbuzi."

Mzee Maduhu akashukuru, akakata simu, akaniambia, "Futa safari ya leo."

"Lakini amesema salama!"

"Wewe ulimuuliza njia. Angekujibu nini kwenye simu, pale pana masikio? Mimi nimemuuliza watoto." Akarudi kwenye drafti, akaiba kete.

Siku tatu baadaye tukasikia njia ile ilikuwa haipitiki. Kwa hiyo andikeni hili: mwalimu asipokwenda darasani, mama anapokunja godoro, mtu anapohamisha mbuzi ambao hawana shida ya majani, hizo ndizo taarifa za usalama. Huzipati kwa kuuliza usalama.

Mngedhani nilielewa. Nilielewa kwa daftari tu.

Dereva aliyeumia ili mimi nijifunze ni Masanja, ambaye wengi mnamwita Baba Neema. Mkubwa wa mwili, mpole, ana presha ya kupanda na hapendi kumeza dawa. Kila aliporudi safari nilimdai karatasi za vizuizi ili nizibandike kwenye daftari, na kila mara ile ya kizuizi cha chini haikuwepo.

"Imepeperuka," anasema.

"Kila safari inapeperuka?"

"Mwanangu, huko kuna upepo."

Nilikuwa na ukurasa wenye nafasi tupu, na nafasi tupu zilikuwa zikinitafuna. Nikanunua faili la plastiki lenye mifuko minne. Wa kwanza karatasi ya forodha, wa pili ya mpaka wa pili, wa tatu ya kizuizi cha chini, wa nne ya kizuizi cha juu. Kila mfuko niliuwekea kikaratasi cha jina. Kwenye jalada nikaandika jina langu na namba yangu ya simu. Nyuma nikamwekea Masanja orodha ya mambo ya kukumbuka njiani. Kisha nikamwambia, na haya maneno nayakumbuka moja moja, "Baba Neema, karatasi yoyote ikipeperuka tena, safari ijayo nampa mwingine."

Alinitazama. Alikuwa na umri wa baba yangu. Akasema, "Haya, mkuu," akaweka faili juu ya dashibodi.

Kumbe madereva wote walijua. Karatasi ya wa chini, ukishawapita unaichana, kwa sababu wa juu wakiikuta wanakuona mtu wa wale. Hakuna aliyeniambia, maana nilikuwa msichana wa daftari ambaye huwezi kumwambia kitu bila kuulizwa kimeandikwa wapi.

Mama Furaha alinipigia asubuhi moja, akanisalimia harakaharaka. Hajawahi kuharakisha salamu.

"Kabula, Baba Neema bamemushika kule juu. Bamekuta faili."

Nilikaa chini sakafuni, kiti kikiwa pale pale.

Mama Neema alikuwa na meza ya dagaa wa Nkome sokoni. Habari ilimfikia kabla sijajipanga kumwambia. Akaja na beseni lake la dagaa kichwani, akalitua mlangoni mwa ofisi, akakaa kwenye kigoda.

"Mume wangu yuko wapi?"

Nilimwambia yote. Faili, mifuko minne, maneno niliyomtisha nayo. Nilitarajia anipige, na kusema kweli ningefurahi. Nikaanza kulia.

"Usinililie hapa," akasema. "Dagaa wa ziwa hawawekwi chumvi, usiwatilie yako. Dawa zake zinaisha Ijumaa. Umeharibu, sasa tengeneza."

Tangu hapo akahamishia biashara pale mlangoni. Wateja walimfuata. Kila nilipoinua kichwa nilimwona anapima dagaa kwa kopo huku ananitazama.

Mchana simu ikalia, namba ya ugenini. "Weye njo Kabula wa faili?" Sauti ya kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Ndiye kiongozi wa kizuizi cha juu; walimwita Komanda, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja tano kwenye karatasi, nimeziandika mara tatu. Nikamsomea. Kwanza, lori ni la raia. Pili, mzigo ni mchele. Nilipofika ya tatu simu ilikuwa imekatwa, na sijui nilikuwa nimeisomea hewa kwa muda gani.

"Umemsomea risala kama mgeni rasmi," Mzee Maduhu akasema. "Ulibakiza kumkaribisha akate utepe."

"Sasa nifanyeje?"

"Msalimie."

"Mzee, ameshika mtu na bunduki!"

"Ndiyo. Mtu wa bunduki anaogopwa na kila anayempita. Anayemsalimia sasa ni nani? Wee msalimie, na umsikilize jibu."

Asubuhi iliyofuata nikapiga mimi. Nimeiacha karatasi mezani, Mama Neema ameacha kupima.

"Habari za kuamka, Komanda?"

"Muzuri," akajibu.

"Mvua imeanza huko?"

"Imenyesha tangu jana."

"Na nyumbani? Mama mzazi hajambo?"

Nilifikiri atakata. "Mama anaumwa na miguu," akasema.

"Pole. Wangu naye magoti. Tunamkanda na maji ya chumvi."

"Inasaidia?"

"Yeye anasema inasaidia. Mimi naona anapenda tu kukandwa."

Akacheka. Kicheko kifupi, kikakatwa haraka kama kitu kilichoponyoka. Kisha sauti ikarudi ngumu. "Sasa uniambie. Karatasi za adui, zimepangwa muzuri hivi. Mupelelezi njo anapanga hivi."

Karatasi ya hoja ilikuwa mezani, sikuigusa. Nikamwambia ukweli kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa na kitu kingine.

"Mpelelezi angezificha, Komanda. Mimi nilizipanga kwa kuwa naogopa. Nikikosa karatasi moja silali. Dereva hakutaka, mimi nilimlazimisha. Na sikukubagua, ya kwako pia nilikuwa naisubiri. Tazama mfuko wa nne."

Nikasikia plastiki inachakarishwa.

"Imeandikwa 'kizuizi cha juu'," akasema polepole. "Na iko tupu."

"Hiyo ndiyo nafasi yako."

"Na hii ya nyuma?" Akaanza kusoma kwa sauti, na nyuma yake nikasikia watu. "'Moja, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Mbili, dawa ya presha asubuhi baada ya kula. Tatu, usivue viatu ukiendesha. Nne, mpigie Mama Neema. Tano, ukichoka lala.' Baba muzima, unamuandikia hivi?"

Wale wa nyuma walicheka sana. Mama Neema, aliyekuwa amesikia kila kitu kwa spika, akadakia, "Na hiyo ya pili haifuati! Mwambieni ameze, asiwadanganye kwamba kameza! Na zinaisha Ijumaa!"

"Huyo ni nani?" Komanda akauliza.

"Mwenye mume," nikasema.

Baada ya hapo hakuniita mpelelezi tena. Lakini kumwachia Masanja hakukuwa rahisi kama kucheka. Komanda alinieleza mwenyewe, siku ya tatu ya salamu zetu. Akimwachia, wenzake watasema amezikubali karatasi za wale wa chini. Na lori lijalo likipanda na karatasi kama hizo, watalipiga risasi. Fedha hakutaja hata mara moja. Alitaka njia ya kumwachia mtu bila kuonekana ameinama.

Nikauliza kuna nani anayeaminiwa na pande zote mbili.

"Hakuna."

Mzee Maduhu, upande wa pili wa meza, akapeleka vidole mdomoni. Nilifikiri ana njaa. Akarudia, akinikodolea macho.

"Komanda," nikasema, "mnakula wapi?"

"Kwa Mama Furaha."

"Na wale wa chini?"

Akashusha sauti. "Njo kule kule. Siku ingine."

Mnaona? Watu waliokuwa hawawezi kupitisha karatasi ya mwenzao walikuwa wanakula maharagwe ya sufuria moja, kwa zamu. Na aliyepanga zamu alikuwa Mama Furaha, bila mtu kumteua.

Nikampigia. Nikamsalimia mpaka mwisho, na watoto, na mbuzi. Wazo la kutumia bati la biskuti ni lake, msije mkasema ni langu. Akasema karatasi za wa chini ziishie kwake. Dereva akifika mgahawani anaiacha pale, anapanda juu mikono mitupu. Akirudi anaiacha ya juu, anachukua yake ya chini, anashuka. Zote zilale kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na hakuna anayebeba mbili kwa pamoja.

"Na atakayegusa ya mwenzake?" nikauliza.

"Maharagwe yangu ameyaaga."

Mimi, kwa ugonjwa wangu, nikaandika makubaliano ya vipengele kumi na kimoja, nikataka kumtumia. Akanikatalia. "Kabula, hiyo njo karatasi ingine ya kumukamatisha mutu." Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kushiriki halikuandikwa popote. Nawahakikishia, liliniuma. Alilipeleka kwa mdomo, kwa wa chini siku yao ya kula, kwa wa juu siku yao. Wa chini waligoma siku mbili. Akawapikia uji mwepesi. Wakakubali.

Alhamisi Komanda akaniambia, "Kesho asubuhi anashuka." Sikumwamini, ila nilimshukuru, nikamwombea mama yake miguu.

Ijumaa mchana Masanja mwenyewe alipiga simu kutoka mgahawani, ameshiba. Dawa alikuwa ameimeza ya mwisho asubuhi ile, na Mama Furaha alimtafutia nyingine kwenye zahanati ya jirani. Akapanda tena, akafikisha mchele, akageuza, na Jumanne lori likaingia yadi likipiga honi toka barabarani.

Mama Neema hakuinuka. Alimalizia kumpimia mteja, akaongeza kidogo juu kama ilivyo ada, akafunga. Ndipo akasimama, akazunguka lori lote akiligusa, akafika mlangoni mwa dereva.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umepungua."

"Nilikuwa nameza dawa," Masanja akasema. "Kila asubuhi, kijana na bunduki yake ananisimamia na kikombe cha maji kama nesi. Nikikataa wanaisoma orodha."

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa ofisi. Alinifuata. Nikapiga goti, nikamwamkia, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, mkuu," na lile "mkuu" safari hii halikuwa na mwiba. Akanikabidhi faili. Mifuko yote minne ilikuwa mitupu. Nyuma orodha ilikuwepo, na kila jambo limewekewa alama ya vema kwa penseli, hata lile la viatu. Chini, kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kuandika, palikuwa na la sita ambalo sikuliandika mimi:

"Sita, na weye Kabula, lala."

Siku ile nililala kuanzia jioni hadi jua likawa juu. Daftari la siku hiyo halina kitu. Ukurasa ule mtaukuta, sijauchana.

Njia ile haikugeuka pepo. Kuna masika ambayo hakuna kilichopita na malori yetu yakaota majani mpakani. Lakini yadi nyingine zilisikia habari za bati, madereva wao wakaanza kuacha karatasi pale. Kisha siku za zamu zikalegea. Mama Furaha aliniambia kuna siku ya soko wa juu na wa chini walikutana mlangoni, kila mmoja ameiacha bunduki nje kwa sababu ndani hazikuruhusiwa, wakala wakiwa wamegeuziana migongo. Baada ya masoko kadhaa mtu akaomba apitishiwe chumvi. Alipitishiwa. Wakubwa walipokuja baadaye na magari na bendera zao kuzungumza amani, nadhani walikuta watu ambao tayari walijua kupitishiana chumvi.

Faili lile la plastiki liko kwenye droo ya chini. Ndicho kile kitu ninachowaomba mkitupe. Mimi nilijaribu mara tatu nikashindwa. Ila orodha nimeitoa, iko nami hapa Bugarama, ninakolima mpunga na mama yangu mwenye magoti.

Wiki iliyopita nilimpigia Mama Furaha. Tulizungumza mihogo, tukazungumza mvua. Watoto wote wako shule, na mmoja amefeli hesabu, habari iliyonifurahisha mno, maana ni huzuni ya watu wenye amani. Kizuizi cha chini hakipo tena, wale vijana wengi wamerudi mashambani. Cha juu bado kipo, lakini siku hizi wanapunga mkono tu. Nikamuuliza bati lina karatasi ngapi.

"Bati?" akasema. "Nimetia sukari."

Namba yake iko ukurasa wa mwisho wa daftari, nimeiandika kubwa. Mkimpigia msianze na njia. Anzeni na watoto.